Kwa nini Julai Limuru haioni jua na Kisumu linawaka?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Mwalimu, salamu. Mimi nimezaliwa Kisumu, nimeolewa Limuru. Kila mwaka ikifika Juni jua linatupotea. Nguo zinakaa kwenye kamba siku tatu na bado hazikauki, na ile sola ya kuchemsha maji ni kama haipo. Nikimpigia mama Kisumu ananiambia huko jua linachoma. Sasa kwenye WhatsApp wametutumia ujumbe kwamba dunia imekwenda mbali na jua, kilomita milioni 152 badala ya milioni 90, ndiyo maana kuna baridi na itakuwa hivyo mpaka tarehe 22 Agosti, na kwamba itatuletea mafua na shida ya kupumua. Ni kweli? Kama si kweli, baridi hii inatoka wapi? Itaisha lini, maana mama anataka kuja kututembelea? Na je, kuna ubaya kuwawekea watoto jiko la makaa chumbani usiku?"

Dada, asante kwa swali. Nitaanza na huo ujumbe, kwa sababu umekuwa ukizunguka miaka kadhaa sasa, kila Julai unafufuka, na watu wanauamini kwa kuwa ndani yake kuna chembe ya ukweli.

Chembe yenyewe ni hii: dunia hailizunguki jua kwa duara kamili. Mapema mwezi Julai kila mwaka tunakuwa mbali nalo zaidi, karibu kilomita milioni 152. Mapema Januari tunakuwa karibu zaidi, kama kilomita milioni 147. Wastani wa mwaka ni milioni 149.6. Hiyo milioni 90 iliyotajwa haipo popote, mtu ameitunga. Tofauti kati ya Januari na Julai ni kilomita milioni 5, yaani kama asilimia 3 tu ya umbali wote, na nguvu ya jua inayotufikia Julai hupungua kwa asilimia 7 hivi ukilinganisha na Januari. Si jambo la mwaka huu wala la karne hii. Limekuwepo tangu mababu zetu, na litakuwepo Julai ijayo.

Halafu jiulize: kama umbali ndio unaoleta baridi, kwa nini London mwezi huo huo wa Julai wanavaa kaptula? Kwa nini Muscat joto linapita digrii 40? Na kwa nini mama yako Kisumu, ambaye yuko safari ya siku moja tu ya basi kutoka kwako, anachomwa na jua? Umbali wa dunia na jua ni mmoja kwa Limuru na Kisumu. Kitu kinachowatofautisha nyinyi wawili lazima kiwe hapa hapa chini.

Kuna wengine watakaokuambia kwamba sababu ni jua kuwa upande wa kaskazini mwezi Juni. Hao wamekaribia zaidi, lakini nao hawajafika. Ni kweli kwamba tarehe 21 Juni jua la adhuhuri liko juu ya Tropiki ya Kansa, na kwako Limuru linasimama kama nyuzi 65 kutoka upeo wa macho badala ya kuwa utosini. Ila tarehe 21 Desemba jua liko kusini, juu ya Tropiki ya Kaprikoni, na hapo kwako linasimama kama nyuzi 68. Tofauti haifiki hata nyuzi tatu, huwezi kuiona kwa macho. Na Krismasi ya Limuru unaijua: asubuhi kuna kibaridi, mchana watu wanavua sweta. Jua la Desemba na jua la Julai kwenu ni karibu jua lile lile. Kilichobadilika ni kile kilichokaa kati ya jua na mabati ya nyumba yako, na hicho ni wingu.

Wingu hilo halikuzaliwa Limuru. Limeanza safari mbali sana, kusini mwa Bahari ya Hindi, mashariki ya Madagascar, upande wa visiwa vya Mascarene, yaani Mauritius, Réunion na Rodrigues. Mwezi wa Juni kusini mwa dunia ndipo baridi inapokolea. Hewa ya huko inakuwa nzito, inashuka na kujikusanya, na kunakuwa na eneo pana la mgandamizo mkubwa wa hewa. Wakati huo huo huku kaskazini, Uarabuni na India, ardhi imeiva kwa joto na hewa yake ni nyepesi, inapanda. Hewa nzito huenda kulikopungua. Basi inatoka kusini kwa wingi, inapita juu ya bahari kilomita maelfu ikinyonya unyevu, na inapofika pwani yetu watu wa Mombasa, Unguja na Lamu wanaiita kusi.

Muulize mvuvi yeyote wa Pemba au Lamu kuhusu Juni na Julai. Atakuambia ni miezi ya bahari kuchafuka, mtumbwi hauendi mbali, na samaki wanapanda bei. Zamani majahazi yalikuja kwetu kutoka Arabuni na kaskazi, na yalirudi kwao na kusi, na hata hivyo manahodha waliiogopa kusi ikishakomaa, wakangoja itulie. Sasa upepo huo unaomzuia mvuvi wa Lamu kutoka ndio unaokuzuia wewe kuanika nguo. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu watu wa bara tunaongea habari za baridi ya Julai kana kwamba imetoka mlimani, kumbe imetoka baharini.

Hewa hiyo ikishaingia nchi kavu inakutana na kizuizi. Kutoka Mombasa ardhi inapanda polepole: Voi, Makindu, Athi River, Nairobi penye kama mita 1,700, halafu Limuru, zaidi ya mita 2,200. Hewa inapopandishwa inatanuka, na ikitanuka inapoa. Ikiwa bado haijafanya wingu hupoteza karibu digrii moja kwa kila mita 100. Unyevu wake ukianza kugeuka matone ya wingu inapoa taratibu zaidi, kama nusu ya hapo. Piga hesabu ya wastani wa digrii sita na nusu kwa kila kilomita moja, na utaona hewa iliyoondoka Mombasa ikiwa na digrii 24 inakufikia Limuru ikiwa na kama 10 hivi. Kinachoongeza kidogo juu ya hapo ni jua la mchana, likipata nafasi.

Na Julai halipati nafasi. Hili ndilo jambo ambalo wengi hawalijui, nami naona ndilo lenye uzito kuliko yote. Juu ya hiyo hewa baridi ya kusi, kilomita chache kutoka usawa wa bahari, kuna tabaka jingine la hewa kavu na vuguvugu, linaloshuka kutoka juu. Kwa kawaida ukipanda unazidi kupata baridi, lakini ukifika kwenye tabaka hilo joto linaongezeka. Linakaa juu ya hewa ya chini kama kifuniko juu ya sufuria. Mvuke unapanda, unagonga kifuniko, unasambaa pembeni. Wingu linashindwa kukua kwenda juu na kuwa lile la mvua kubwa lenye radi, kwa hiyo linatanda tu, jembamba lakini pana, likifunika kuanzia Nairobi, Kiambu, Murang'a, Nyeri na Embu hadi sehemu za Meru. Ng'ambo ya mpaka ni hivyo hivyo Arusha, Moshi na Lushoto, kila mahali ambapo mlima umeipa kusi kifua.

Ndiyo sababu Julai kwenu kuna ukungu na manyunyu tu, hakuna mvua ya kujaza pipa. Nairobi hupata karibu milimita 200 za mvua Aprili, na Julai kwa kawaida haifikishi hata 25. Mgeni akitazama mbingu za Julai anadhani gharika iko njiani, lakini mwenyeji anajua ni rasharasha.

Kama umewahi kupanda ndege Nairobi asubuhi ya Julai umeiona hali hii kwa macho yako. Ndege inaruka ndani ya kijivu kitupu, dakika chache tu, halafu ghafla inatokea juu na jua linapiga dirishani, na chini kuna wingu limelala kama tandiko jeupe, huku kilele cha Mlima Kenya kimechomoza kwa mbali. Jua halikwenda popote.

Lakini wewe huhitaji ndege. Panda matatu inayoteremka kwenda Mai Mahiu, siku ya ukungu hasa. Hapo juu ukingoni mwa Bonde la Ufa, mahali watu wanapouza ngozi za kondoo na kofia za manyoya kando ya barabara, taa za magari zimewashwa saa nne asubuhi na hata bonde lenyewe hulioni. Tazama wingu linavyofika ukingoni: linamwagikia bondeni, linashuka mita kadhaa, kisha linayeyuka mbele ya macho yako. Halikatiki kwa kuwa limezuiliwa. Linakatika kwa sababu hewa inaposhuka inabanwa, inapata joto, digrii moja hivi kwa kila mita 100, na matone yake madogo yanageuka tena kuwa mvuke usioonekana. Robo saa baadaye uko chini, jua linawaka, vumbi linapepea, na koti umelivua. Umeshuka zaidi ya mita 500 tu, na umetoka msimu mmoja ukaingia mwingine.

Hapo sasa umemwelewa mama yako. Kisumu iko mita 1,100 na kitu tu kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo kuna joto kuliko Limuru mwaka mzima. Lakini zaidi ya hapo, iko nyuma ya kuta mbili, Nyandarua na Mau, na lile tabaka la hewa yenye unyevu wa kusi si nene vya kutosha kuvuka kuta zote mbili likiwa zima. Magharibi ya Bonde la Ufa inafuata ratiba nyingine. Inapokea unyevu wa Ziwa Victoria na hewa inayotoka upande wa Kongo, na huko kifuniko hakijakaza. Asubuhi jua, mchana mawingu yanajijenga kama minara, jioni radi. Kericho, Kakamega na Kitale Julai na Agosti wananyeshewa mvua ya kweli wakati nyinyi mnanyunyiziwa.

Usifikiri pia kwamba upepo huo unaishia kwenu. Sehemu kubwa ya hewa ya kusi haipandi hata kidogo. Inagonga nyanda zetu za juu, inageuka, inapita mashariki mwa Kenya na Somalia kwa kasi kama mto uliobanwa na ukingo, kilomita moja na nusu hivi juu ya ardhi, na siku za nguvu inaweza kupita kilomita 90 kwa saa. Mwanasayansi J. Findlater aliueleza mkondo huu mwaka 1969, na mpaka leo wengi wanauita kwa jina lake. Kutoka Somalia unavuka Bahari ya Arabu na kwenda kumwaga mvua za msimu India, kuanzia Kerala mwanzoni mwa Juni. Njiani unaigusa Dhofar, kusini mwa Oman. Jamaa zetu walioko Salalah wanaijua vizuri hiyo miezi ya kharifu: nchi nyingine za Ghuba zinaungua, na wao wako kwenye manyunyu na ukungu, vilima vimekuwa kijani. Utaratibu ni ule ule wa Limuru, hewa ya bahari iliyopandishwa kilimani na kufunikwa kwa juu na hewa kavu. Mimi hili hunifurahisha kila ninapolifikiria, kwamba Mswahili wa Salalah na mkulima wa chai wa Limuru wanafunikwa na upepo mmoja.

Kuna baridi nyingine, ambayo watu huichanganya na hii yenu. Nenda Makete au Njombe, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, mwezi huo huo wa Julai. Mchana mbingu ni safi na jua linang'aa. Usiku ndipo baridi inapouma, na kule uwanda wa Kitulo alfajiri unakuta majani yamekuwa meupe kwa sakitu. Hiyo ni baridi ya mbingu wazi. Ardhi hupokea joto mchana, na usiku hulitoa lirudi angani. Kukiwa na wingu, sehemu kubwa ya joto hilo inarudishwa chini. Kukiwa wazi, linakwenda moja kwa moja. Kwa hiyo wingu linalokunyima jua mchana ndilo linalokulinda usiku. Ukiwa na kipimajoto nyumbani, andika joto la alfajiri na la saa tisa mchana siku ya wingu zito. Huenda ukapata 11 na 16, tofauti ndogo sana. Kisha fanya hivyo hivyo Januari, mbingu zikiwa wazi: alfajiri ya Januari inaweza kuwa na baridi zaidi ya ile ya Julai, ingawa mchana wake ni wa joto. Ndiyo maana sakitu inayochoma chai Kericho na mboga Nyandarua hupenda kuja Januari na Februari, wakati wa kaskazi kavu, na si katikati ya ukungu wa Julai. Hata hivyo ukiona Julai mawingu yamefunguka jioni na nyota zinaonekana zote, funika miche yako, hasa kama shamba lako liko bondeni, kwa sababu hewa baridi ni nzito na hutiririkia chini.

Kuhusu lini itaisha: hakuna tarehe, na yeyote anayekupa 22 Agosti amebahatisha. Kinachotakiwa kutokea ni kusi kulegea, na kusi hulegea wakati jua linaporudi kuelekea ikweta, ambako hufika mnamo tarehe 22 au 23 Septemba, na ule mgandamizo wa Mascarene ukipungua nguvu. Kwa kawaida mwishoni mwa Agosti utaona dalili: wingu lililokuwa likikaa mpaka saa tisa linaanza kutoboka saa sita, halafu saa nne. Siku za jua zinaanza kufuatana. Septemba inapofika katikati, Limuru huwa imebadilika. Nakushauri mama aje wakati huo. Akisisitiza kuja Agosti, aje na sweta mbili na soksi nzito, asidanganywe na jua la Kisumu.

Ndani ya msimu wenyewe baridi haiji kwa kipimo kimoja. Inakuja kwa mawimbi. Kuna nyakati hewa baridi kali inapita Afrika Kusini, theluji inaanguka Lesotho, na siku chache baadaye sehemu ya hewa hiyo inasukumwa kaskazini kupitia mlango wa bahari kati ya Msumbiji na Madagascar. Ikitufikia, ndipo unapata zile siku ambazo hata saa nane mchana unaona pumzi yako, na Nairobi joto halifiki digrii 18. Kisha inapungua tena. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa Juni hadi Agosti kabla msimu haujaanza, na wa kila wiki baada ya hapo. Soma huo wa wiki, utakusaidia kuchagua siku ya kufua blanketi.

Sola yako haijaharibika. Wingu zito lililotanda linaweza kuzuia zaidi ya nusu ya nguvu ya jua, na hakuna namna ya kuugeuza mtambo ukapata ambacho hakijafika chini. Angalia tu kioo chake kisiwe na kuvu wala vumbi, maana unyevu huu hukipaka uchafu, na panga matumizi ya maji ya moto mchana badala ya alfajiri. Nguo nazo hazikauki kwa sababu hewa imekwisha kushiba maji, haina pa kuyapokea zaidi. Zianike mahali penye upepo hata kama hapana jua, kwani upepo utasaidia kuliko kuta za ndani.

Na mafua? Mafua huletwa na virusi, na wala hayaletwi na umbali wa jua. Ila baridi inatusukuma sote ndani, tunafunga madirisha, tunapumua hewa moja, watoto wanalala wanne kitanda kimoja, na virusi vinapita kwa urahisi. Mtoto akipumua haraka haraka au kifua kikiingia ndani anapovuta pumzi, usimtibu kwa chai ya tangawizi. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Hapo ndipo nakuja kwenye jiko, na ningekuwa karibu ningekuja kukuambia mlangoni. Usiliweke chumbani, hata likiwa limebaki makaa mekundu bila moshi. Makaa yasiyo na moshi ndiyo hatari zaidi, kwa sababu hakuna kitu cha kukuamsha. Yanatoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, ambayo inashika damu mahali pa oksijeni. Mtu anahisi kichwa kizito, kichefuchefu, usingizi, anadhani ni uchovu, analala na haamki tena. Kila msimu huu familia zinakutwa zimekufa hivyo, mlango umefungwa na pengo la chini limezibwa kwa gunia. Waote moto sebuleni mlango ukiwa wazi, kisha jiko litoke nje kabisa kabla mtu hajalala. Watie maji ya moto kwenye chupa, uzifunge kwa kitambaa, uziweke miguuni mwao ndani ya blanketi. Na kama umewahi kuamka asubuhi kichwa kinagonga baada ya kulala na jiko, wewe au mtoto, tokeni nje kwenye hewa mara moja na mwende hospitali, na mwambieni daktari kwamba mlilala na makaa, maana asipoambiwa anaweza kudhani ni malaria.